Jinsi ya Kuitambua Hekima ya Biblia na Kujifunza kwa Unyenyekevu: Mwongozo Kamili

Mithali 26:4 inakuambia usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake. Mstari wa 5, uliobanana nao, unakuambia umjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake. Waliozikusanya mithali hizo waliziweka ubavu kwa ubavu makusudi, kila mtu azione. Wapo wanaofika hapo wakafunga kitabu, wakisema Biblia inajipinga. Wapo wanaouchukua mstari unaowafaa siku hiyo na kuupita ule mwingine kama hawakuuona.

Lakini wewe uliyelelewa na Kiswahili una msaada mkubwa mahali hapa. Tangu utotoni umeambiwa kwamba haraka haraka haina baraka, na mtu yuleyule aliyekuambia hivyo amekuambia pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Hujawahi kumwita mwongo. Unajua kila methali ina saa yake, na kwamba kazi ngumu ni kuitambua saa.

Maandiko yanataka tuyasome kwa ujuzi huohuo. Neno la kweli likitamkwa mahali pasipo pake huumiza, na Biblia yenyewe inalionya hilo mara nyingi kuliko tunavyodhani. Kwa hiyo mwongozo huu unafundisha mambo mawili kwa pamoja: kulitambua neno la hekima, na kulipa nafasi likufanyie kazi wewe kabla hujampelekea mwingine. Nimezipanga hatua kwa namna ninavyozifuata mwenyewe. Nyingine ni fupi, nyingine zitakuchukua miaka.

Hatua ya 1: Omba moyo unaosikia

Anza kwa kuomba. Yakobo 1:5 inasema aliyepungukiwa na hekima na amwombe Mungu, ambaye huwapa wote kwa ukarimu wala hakemei. Lishike hilo la kutokukemea. Wengi hawaombi kwa sababu wanaona aibu kukiri, hata mbele za Mungu, kwamba hawajui.

Mfano mkuu ni Sulemani katika 1 Wafalme 3. Aliambiwa aombe atakalo, naye akaomba kile ambacho Biblia yetu ya Union Version inakiita “moyo wa adili”. Kwa Kiebrania maneno yenyewe ni “moyo unaosikia”. Mfalme kijana, mwenye taifa zima mikononi, aliomba masikio, yawe ndani ya moyo. Omba hivyohivyo, kwa maneno machache, kabla ya kufungua ukurasa. Kisha kaa kimya dakika moja au mbili. Kimya hicho ni sehemu ya sala.

Hatua ya 2: Jua unachokitafuta

Kwa Kiebrania, hekima ni *hokhma*. Ukilitamka polepole utamsikia ndugu yake: neno letu “hekima” limetujia kupitia Kiarabu, *hikma*, na Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja. Ila maana ya *hokhma* ni pana kuliko tulivyozoea. Katika Kutoka 31:3 Bezaleli amejazwa *hokhma* ili afanye kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao kwa ajili ya hema takatifu. Katika Zaburi 107:27 mabaharia wanapigwa na tufani mpaka *hokhma* yao inamezwa, yaani ujuzi wao wote wa kuongoza chombo hauwasaidii tena. Mithali 30:24–28 inawataja viumbe wanne wadogo wenye *hokhma* nyingi: chungu, wibari, nzige na mjusi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kutoa hotuba.

Hekima, basi, ni ustadi. Fundi anaujua mti unavyopasuka, nahodha anaujua upepo, naye mwenye hekima anaujua uzima unavyokwenda: hasira humpeleka mtu wapi, deni humfanyia nini, ulimi mwepesi humvunja nani. Unaposoma, tafuta ustadi wa namna hiyo, kwa kuwa maneno mazuri ya kunukuu ni rahisi kuyapata na hayatoshi.

Kuna tahadhari moja ambayo wasomaji wengi huikosa kwa sababu tafsiri huificha. Katika 2 Samweli 13:3 yumo Yonadabu, rafiki wa Amnoni mwana wa mfalme Daudi, ambaye Kiebrania kinamwita kwa sifa hiyohiyo ya mwenye *hokhma*. Alikuwa na akili kali sana, na shauri alilolitoa ndilo lililomwezesha Amnoni kumnajisi dada yake Tamari. Ustadi ulikuwepo, hofu ya Mungu haikuwepo. Ndiyo maana Mithali 1:7 imewekwa mlangoni mwa kitabu: “Kumcha BWANA ni chanzo cha maarifa, bali wapumbavu hudharau hekima na adabu.” Kumcha ni kicho, ile hali ya mtu anayejua yuko mbele za nani na kwa hiyo hafanyi mzaha. Na hilo neno “adabu” linasimama badala ya *musar*, yaani kufunzwa kwa kurudiwa, kwa kukosolewa na kusahihishwa. Asiyekubali kurudiwa hawezi kufika mbali katika safari hii, hata akijua Kiebrania chote.

Hatua ya 3: Chagua pa kuanzia

Vitabu vinavyoitwa vya hekima katika Agano la Kale ni Mithali, Ayubu na Mhubiri, pamoja na zaburi kadhaa kama ya 1, ya 37, ya 49 na ya 73. Wakatoliki na Waorthodoksi wanavyo pia Hekima ya Sulemani na Yoshua bin Sira. Katika Agano Jipya, soma hotuba ya mlimani (Mathayo 5–7), mifano ya Yesu, na waraka wa Yakobo.

Ushauri wangu ni uanze na Mithali 1–9. Sura hizo ni hotuba ndefu za mzazi kwa mwanawe, na ndani yake Hekima anatokea kama mwanamke anayepaza sauti njiani, penye malango na njia panda, akiita watu waliobanwa na shughuli zao. Kisha soma Yakobo, ambao ni waraka mfupi wa mistari 108 na unakwenda moja kwa moja kwenye ulimi, upendeleo na utajiri. Baada ya hapo rudi kwenye Mithali 10 na kuendelea. Ayubu na Mhubiri vije baadaye, kwa sababu vinabishana na Mithali, na ubishi hauwezi kueleweka na mtu ambaye hajasikia kwanza kinachobishaniwa. Mithali inasema mwenye haki hustawi. Ayubu anauliza: na mimi je? Mhubiri anauliza: hata akistawi, si atakufa kama mwingine?

Watu wengi husoma sura moja ya Mithali kila siku kwa kuwa kitabu kina sura 31. Ni desturi njema kwa aliyekwisha kukizoea. Kwa anayeanza, naona inaharibu. Kuanzia 10:1 hadi 22:16 peke yake kuna mithali 375, kila moja ikisimama kwa miguu yake, na ukizimeza thelathini kwa mkupuo hakuna itakayobaki. Chukua tatu. Hata moja yatosha.

Hatua ya 4: Soma kwa sauti, nusu kwa nusu

Mithali za Biblia zimejengwa kwa mistari miwili inayotazamana. Mstari wa pili hurudia wa kwanza kwa kuuongezea nguvu, au huupinga, au huukamilisha. Hekima mara nyingi imejificha katika pengo lililo kati yao. Soma Mithali 16:32 kwa sauti: “Asiye mwepesi wa hasira ni bora kuliko shujaa, na mtu aitawalaye roho yake kuliko mtu atekaye mji.” Usome tena, uangalie kinachokua. Upande mmoja, shujaa amekuwa mtekaji wa mji mzima. Upande wa pili, hasira imekuwa roho yote ya mtu. Anayesema nawe hapa anadai kwamba vita ya ndani ni kubwa kuliko ile inayoimbwa. Sasa jiulize kama unaamini hivyo kweli, ukikumbuka watu ambao umewasifu mwezi huu.

Weka pia tafsiri mbili mbele yako, kwa mfano Union Version ya 1952 na Habari Njema. Zinapotofautiana, hapo pana kitu. Chukua “ubatili”, neno linalorudi zaidi ya mara thelathini katika Mhubiri. Kiebrania ni *hevel*, maana yake ya asili mvuke au pumzi. Ndilo jina la Habili pia, yule ndugu aliyeonekana kidogo katika Mwanzo 4 kisha akatoweka. Ukilijua hilo, Mhubiri anaacha kuwa mzee aliyekata tamaa. Anasema maisha ni kama mvuke: yapo, yanaonekana, huenda hata yakapendeza, ila ukifumba mkono kuyashika unafumbua hamna kitu. Ndipo unaelewa kwa nini mtu huyohuyo anakuhimiza kula mkate wako kwa furaha (9:7).

Hatua ya 5: Uliza anayesema ni nani, na anamwambia nani

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko kote, na nitakaa hapa kidogo.

Katika Mathayo 4:6 Shetani ananukuu Zaburi ya 91, tena ananukuu vizuri. Yesu anamjibu kwa andiko lingine, Kumbukumbu la Torati 6:16. Kwamba jambo “limeandikwa” hakumalizi swali la kama linafaa hapa na sasa.

Kitabu cha Ayubu kimejengwa chote juu ya swali hilo. Marafiki watatu wa Ayubu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walipomwona katika msiba wake walilia, wakaketi naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno (2:13). Hilo ndilo jambo bora walilolifanya. Kisha wakafungua vinywa, na sura baada ya sura wakasema mambo ambayo ukiyachukua moja moja yanafanana kabisa na Mithali: Mungu ni mwenye haki, mwovu huvuna alichopanda, mwenye kurudiwa ni heri. Mwishoni Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake inawaka juu yake na wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu (42:7).

Sasa tazama jambo hili la ajabu. Katika Ayubu 5:13 Elifazi anasema Mungu huwanasa wenye hekima kwa hila yao. Paulo anayachukua maneno hayohayo katika 1 Wakorintho 3:19 na kuyatumia kama andiko la kweli, akiwaonya watu wa Korintho waliojivunia hekima yao. Sentensi ni moja. Kwa Wakorintho wenye kiburi ilikuwa dawa, na juu ya kichwa cha mtu aliyefiwa na watoto wake kumi ilikuwa jiwe.

Nayaandika haya kwa uchungu kwa sababu nimewahi kuwa Elifazi. Miaka iliyopita nilisimama mbele ya mama aliyetoka kumzika mwanawe nikamnukulia Warumi 8:28, kwamba katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema. Mstari huo nauamini mpaka leo. Yule mama aligeuza uso wake asinitazame, na hakuniongelesha tena siku ile. Sura nne tu mbele, katika Warumi 12:15, Paulo huyohuyo anasema lieni pamoja nao waliao. Nilikuwa nimeusoma mstari huo mara nyingi. Ndio uliokuwa wa saa ile.

Kwa hiyo, kila unapokutana na neno zito, jibu maswali haya kabla ya kwenda mbele: nani anasema, anamwambia nani, mtu huyo yuko katika hali gani, na kitabu chenyewe kinamhukumuje msemaji mwishowe. Katika Mithali swali huwa jepesi. Katika Ayubu, Mhubiri na masimulizi, ni lazima.

Kitabu cha Mithali chenyewe kina picha yake kwa ajili ya jambo hili. Sura ya 26 inasema mithali kinywani mwa mpumbavu ni kama miguu ya kiwete inayoning'inia (mst. 7), na kama mwiba mkononi mwa mlevi (mst. 9). Mithali ikiwa mkononi mwa asiyejua mahali pake humchoma mshikaji na walio karibu naye.

Hatua ya 6: Tenganisha mithali, ahadi na amri

Mithali hueleza namna mambo yanavyokwenda kwa kawaida. Ahadi ni neno ambalo Mungu amejifunga nalo. Amri ni la kutiiwa. Ukizichanganya utajiumiza.

Mfano ulioumiza wengi ni Mithali 22:6: “Mlee mtoto katika njia impasayo, naye hataiacha, hata atakapokuwa mzee.” Nimewaona wazazi waaminifu, wenye mtoto aliyepotea, wakiupindua mstari huu juu ya vifua vyao wenyewe: kama mtoto ameiacha njia, basi sisi hatukumlea. Hapana. Mstari unasema ukweli wa jumla kuhusu malezi, ukweli unaostahili kumfanya mzazi awe makini. Haukuandikwa kama mkataba. Kitabu hichohicho kimejaa habari za mwana anayedharau mafundisho ya baba yake, maana yake mafundisho yalikuwepo na mwana akayakataa.

Vivyo hivyo kuhusu umaskini. Mithali 10:4 inasema mkono mlegevu humfanya mtu kuwa maskini. Anayeishia hapo atamtazama kila maskini kama mvivu. Lakini Mithali 13:23 inasema shamba la maskini lina chakula tele, ila kuna anayeangamizwa na dhuluma. Mithali moja hukuonyesha upande mmoja wa jambo. Zikusanye zote zinazohusu jambo hilo kwenye daftari, uziache zizungumze zenyewe kwa zenyewe, ndipo ufungue kinywa.

Hatua ya 7: Acha neno likusome

Nabii Natani alimsimulia mfalme Daudi habari ya tajiri aliyempokonya maskini mwana-kondoo wake mmoja (2 Samweli 12). Daudi alisikiliza vizuri, akahukumu kwa haki, akakasirika kwa haki. Alichokosa ni kujiona. Ilimbidi aambiwe: wewe ndiwe mtu huyo.

Jaribu hivi. Soma Mithali 12:15: njia ya mpumbavu imenyoka machoni pake mwenyewe, bali mwenye hekima husikiliza shauri. Mara tu unapoisoma, angalia ni uso wa nani umekujia akilini. Karibu kila mara ni uso wa mtu mwingine, yule ndugu mkaidi, yule mkuu wa kazi. Andika jina lake pembeni. Kisha lifute, andika lako, na chini yake andika shauri la mwisho ulilopewa ukalikataa. Usiandike maelezo ya kwa nini ulilikataa. Shauri tu.

Zoezi hilo huuma, na uchungu wake ni dalili njema. Augustino, aliyekuja kuwa askofu wa Hippo, anaeleza kwamba alipoyashika Maandiko kwa mara ya kwanza akiwa kijana msomi aliyaona duni, yasiyofaa kulinganishwa na ufasaha wa Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma. Baadaye alitambua kilichomzuia: kiburi chake kilikimbia unyenyekevu wa lugha ile, na jicho lake halikuweza kupenya ndani. Alihitaji kuwa mdogo ili aingie. Yesu anasema lilo hilo katika Mathayo 11:25, anapomshukuru Baba kwa kuyaficha mambo haya kwa wenye hekima na akili na kuwafunulia watoto wachanga.

Hatua ya 8: Soma na wengine, hasa usiowategemea

Towashi wa Kushi alikuwa mtu mkubwa, mwangalizi wa hazina ya malkia, na alikuwa anasoma Isaya garini mwake. Filipo alipomuuliza kama anaelewa, alijibu: nitawezaje, mtu asiponiongoza? (Matendo 8:31). Kuuliza si ujinga, na huyu alijua hivyo akiwa na cheo chake chote.

Apolo naye alikuwa msemaji hodari katika Maandiko, akifundisha hadharani, lakini ujuzi wake ulikuwa na pengo. Prisila na Akila, mke na mume waliokuwa mafundi wa kushona hema, walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Matendo 18:24–26). Hawakumwaibisha mbele za watu, naye hakukasirika kufunzwa na mafundi. Musa alipokuwa akichoka kwa kuamua mashauri ya taifa zima, aliyemwonyesha njia ya kugawa kazi ni Yethro, mkwewe, kuhani wa Midiani (Kutoka 18), mtu wa nje kabisa ya Israeli. Hata ndani ya Mithali, maneno ya 22:17 na kuendelea yanafanana sana na mafundisho ya mwalimu wa Kimisri aitwaye Amenemope. Waisraeli hawakuona haya kupokea neno jema kutoka kwa jirani na kulitiisha chini ya kumcha Bwana. Na mithali za Lemueli katika sura ya 31 zilitoka kwa mama yake.

Tafuta basi watu wawili au watatu wa kusoma nao, na mmoja wao awe mtu ambaye kwa kawaida usingemwomba mafundisho: aliye mdogo kwako, au asiye na elimu yako, au aliyepitia mateso usiyoyajua. Msome kifungu kifupi, kila mmoja aseme alichokisikia, bila kumrekebisha mwenzake mzunguko wa kwanza. Utashangaa ni nani atakayekiona ulichokipita.

Unyenyekevu huu usikufanye umeze kila kinachohubiriwa. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo kwa uelekevu wa moyo, na bado waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo (Matendo 17:11). Wanasifiwa kwa yote mawili.

Hatua ya 9: Tenda jambo moja, kisha jipime

Mjenzi mwenye akili katika Mathayo 7:24 ni yule aliyesikia maneno na kuyafanya. Mwenzake aliyejenga juu ya mchanga naye alisikia, maneno yaleyale. Kwa hiyo usiondoke kwenye somo bila tendo moja dogo la wiki hiyo: simu ya kuomba radhi, deni la kulipa, habari ya mtu usiyoipeleka mbele.

Kipimo cha kama unakua kiko Yakobo 3:17: hekima itokayo juu kwanza ni safi, tena ya amani, ya upole, tayari kusikiliza maneno ya watu, imejaa rehema na matunda mema, haina fitina, haina unafiki. Kujua mistari mingi hakumo kwenye orodha hiyo. Augustino alisema jambo la karibu na hilo: anayedhani ameyaelewa Maandiko, na tafsiri yake haimjengi katika kumpenda Mungu na jirani, bado hajayaelewa. Muulize mtu anayeishi nawe kama tangu uanze kusoma umekuwa rahisi kuambiwa jambo. Jibu lake ni la kuaminika kuliko daftari lako.

Na jipime tena baada ya miaka. Sulemani aliyeomba moyo unaosikia alitunga mithali 3,000 na nyimbo 1,005 (1 Wafalme 4:32). Sura ya 11 inasema alipokuwa mzee moyo wake uligeuzwa. Akili haikumpungukia. Aliacha kusikia.

Zoezi la kwanza: Mithali 30

Usingoje mpaka umalize kila kitu. Fungua Mithali 30, sura ya Aguri bin Yake. Omba kama hatua ya 1 inavyosema, kisha usome mstari wa 1 hadi wa 9 kwa sauti, mara mbili.

Msemaji ni nani? Mtu ambaye hatujui lolote juu yake zaidi ya jina na jina la baba yake. Anaanzaje? Kwa kukiri kwamba hana ufahamu wa mwanadamu na hakujifunza hekima (mst. 2–3), naye amewekwa ndani ya kitabu cha hekima. Kaa hapo. Kisha anauliza maswali yanayofanana na yale ambayo Mungu anamuuliza Ayubu kutoka katika upepo wa kisulisuli: nani aliyepanda mbinguni akashuka, nani aliyekamata upepo kwa makonzi yake? Tofauti ni kwamba Aguri anajiuliza mwenyewe kabla hajaulizwa.

Halafu iangalie sala yake, mstari wa 7 hadi wa 9. Anaomba mambo mawili kabla hajafa: aondolewe ubatili na uongo, na asipewe umaskini wala utajiri, alishwe tu kilicho kadiri yake. Anatoa na sababu. Akishiba anaogopa atamkana Mungu na kuuliza, BWANA ni nani? Akiwa maskini sana anaogopa ataiba. Mtu huyu amejichunguza mpaka anajua ataangukia wapi akisukumwa kulia, na wapi akisukumwa kushoto.

Chukua kalamu. Andika mstari mmoja: nikipata sana, nitaangukia wapi? Chini yake andika wa pili: nikikosa sana, nitaangukia wapi? Kisha igeuze mistari hiyo miwili kuwa sala yako ya juma hili, ukimwomba Mungu kadiri yako.